Samsung Galaxy A16 kwa mtu wa kawaida wa Mtwara: simu yenyewe, na kile unachokubali ukiiwasha

Minada ya korosho ikishachangamka na hela zikaanza kusoma benki, maduka ya simu ya karibu na Soko Kuu pale Mtwara Mjini yanajaa watu wa Nanyamba, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, na mimi simu yangu haipumziki, kila ndugu anauliza swali lile lile, eti ninunue simu gani. Naona niandike kwa urefu mara moja, na mfano wangu ni Samsung Galaxy A16, ile ya 4G yenye RAM (memori ambayo simu inafanyia kazi ikiwa imewaka) GB 6 na GB 128 za kuhifadhia vitu, ambayo mamdogo wangu wa Tandahimba aliinunua kwa laki nne na ushee baada ya kulipwa korosho zake. Mimi ndo niliyeisetia na mpaka leo akija mjini naishika naikagua, kwahiyo naijua ndani nje.

Kwakweli naipenda. Ila sababu zangu za kuipenda siyo zile ambazo muuzaji atakutajia.

Pale dukani kijana alitupokea vizuri sana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na hapo hapo akatoa simu nyingine kabisa ya kampuni nyingine akaiweka mezani: "Mama chukua hii, RAM GB 16, hiyo Samsung ya GB 6 itakusumbua." Boksi kweli lilikuwa na stika kubwa imeandikwa 16. Sasa geuza boksi usome maandishi madogo, utakuta ni 8 jumlisha 8. Nane za kwanza ndo RAM yenyewe, nane za pili zinakatwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na kufanywa zisaidie RAM, na hiyo nafasi ya kuhifadhia spidi yake ni ndogo mno ukilinganisha na RAM ya kweli. Samsung nao wanacho kitu hicho hicho kinaitwa RAM Plus, na kampuni karibu zote siku hizi wanacho kwa majina tofauti tofauti, siyo wizi, ila ukilinganisha simu linganisha ile namba ya kwanza tu. Muulize muuzaji moja kwa moja, "RAM ya kweli ngapi kabla ya kuongeza?" Akijibu vizuri huyo unaweza kufanya nae biashara. Huyu wetu alijibu, tena bila kukwepa, ndo maana tukanunua kwake.

Na kamera ni hivyo hivyo. A16 ina kamera tatu nyuma, moja ya megapikseli 50, nyingine 5, nyingine 2. Ya kufanya kazi ni hiyo ya kwanza. Ile ya 5 inapiga eneo pana, mfano mkiwa ukoo mzima mmejipanga mbele ya nyumba, na ya 2 ni ya kupiga vitu vidogo kwa karibu ambayo sijui nani anaitumia. Mchana picha safi, usiku kawaida.

Kioo ndo kimenifurahisha. Inchi 6.7, Super AMOLED, rangi zimekolea na maandishi makali, na kwa mtu wa umri wa mamdogo ambaye miwani yake anaisahau kila mahali, ukiongeza ukubwa wa herufi kwenye setingi bado mistari inakaa vizuri haikatiki katikati. Betri ni mAh 5000, na kwa sisi wa huku ambao umeme ukiamua kukatika unakatika, simu ya kukaa na chaji ni jambo la kwanza, hii kwa matumizi ya WhatsApp, kupiga, miamala na kuangalia video kidogo jioni inamaliza siku na inabaki. Inapokea chaji mpaka wati 25, lakini hapo dukani fungua boksi uangalie kama kichwa cha chaji kimo, maana siku hizi boksi nyingi zinakuja na waya tu halafu unajikuta unanunua kichwa cha elfu tano cha barabarani kinachoua betri. Ina kinga ya IP54, yani vumbi na matone ya mvua haviisumbui sana, ila usiingie nayo baharini ukaja kulalamika.

Kuna kitu kimoja sikukipenda. Ile trei ya laini: nafasi ya laini ya pili ndo hiyo hiyo ya memori kadi. Ukiweka laini mbili kadi haiingii, ukiweka kadi laini moja inabaki nje. Huku kwetu nani ana laini moja? Mamdogo ana laini ya miamala na benki, na nyingine ya bando, hivyo kadi yake yenye taarabu na muvi tukahamishia vyote kwenye simu yenyewe, na kwa bahati GB 128 zinatosha. Kama wewe ni mtu wa kwenda kibandani kujaziwa nyimbo kwenye kadi kila wiki, lijue hilo kabla hujalipa.

Haya, sasa tuje kwenye kilichonifanya niichague hii nikaacha nyingine za bei hiyo hiyo zenye namba kubwa zaidi kwenye boksi.

Samsung walisema wazi kwamba A16 itapata matoleo mapya ya Android, ile programu kuu inayoendesha simu, mpaka sita na apdeti za usalama kwa miaka 6. Ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na Android 14, kwahiyo piga hesabu mpaka mwishoni mwa 2030. Na hapa watu wanakosea sana, hiyo miaka inahesabiwa tangu simu ilipotoka kiwandani kuingia sokoni, haihesabiwi tangu siku uliyonunua wewe. Ukinunua simu iliyotoka miaka mitatu nyuma, ikiwa mpya kabisa kwenye boksi na nailoni yake, tayari umri wake umeshaliwa. Ndugu yake mdogo A06, ambayo ni ya bei rahisi zaidi, waliahidi matoleo mawili na apdeti za usalama miaka 4, nayo siyo mbaya kwa bei yake. Lakini ziko simu nyingi hapo mezani ukimuuliza muuzaji "hii itapata apdeti mpaka lini" anakuangalia tu, na ukiingia kwenye tovuti ya kampuni hukuti ahadi yoyote.

Apdeti zina umuhimu gani kwa mtu wa kijijini? Zina umuhimu kuliko hata kwa mtu wa mjini. Pesa zote za korosho za mamdogo zinapita kwenye simu, meseji ya benki inakuja humo, namba za kuthibitisha miamala zinakuja humo. Kila mara yanagundulika matundu kwenye Android ambayo mtu mbaya anaweza kupita nayo, na apdeti ya usalama ndo inayoyaziba. Simu isiyopata apdeti inaendelea kuwaka, inapiga, inapokea, huoni tofauti yoyote, na matundu yanabaki wazi. Ukitaka kujua yako iko wapi ingia setingi, nenda kwenye taarifa za simu, halafu taarifa za programu, tafuta sehemu ya kiraka cha usalama, kuna tarehe pale. Kama tarehe ni ya mwaka juzi basi hiyo simu usiiwekee mambo ya benki. Kuhusu bando, apdeti za kila mara ni ndogo lakini toleo jipya zima linaweza kula GB kadhaa, hivyo washa ile ya kupakua kwa Wi-Fi tu, na akija mjini anaunganisha kwangu tunamaliza.

Sasa tuje kwenye leseni, yani kile unachokubali ukiiwasha. Ukiwasha simu mara ya kwanza inakuja ile kurasa ya makubaliano, na watu tisa kati ya kumi dukani muuzaji ndo anawabonyezea, tik tik tik, "tayari mama simu yako hiyo". Nilimwomba kijana atuachie. Mamdogo akaniuliza, "Mwanangu, hapa nakubali nini?" Na ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa pale dukani siku ile.

Ukurasa ule una mistari kadhaa. Wa kwanza ni mkataba wa leseni ya mtumiaji, huo ni lazima, ukiukataa simu haiendelei. Kuna wa faragha. Halafu chini yake kuna mingine imeandikwa kwamba ni hiari: kuwatumia taarifa za jinsi simu inavyofanya kazi, na kukuwekea mambo kulingana na unavyoitumia. Kuna na kiboksi cha kukubali yote kwa mpigo, ambacho ndo muuzaji anakibonyeza. Tukaweka tiki kwenye ya lazima tu, za hiari tukaziacha. Ukifika kwenye upande wa Google nako kuna vitufe vya mahali ulipo na vya kutuma taarifa za matumizi, navyo unaweza kuzima vingine na simu ikafanya kazi vizuri tu. Mpaka leo hakuna kilichogoma.

Na huo mkataba wa lazima unasema nini? Kubwa kuliko yote unasema programu iliyomo humo umepewa ruhusa ya kuitumia, hujauziwa. Kioo, betri, bodi, hivyo ni vyako, uza, gawa, vunja. Programu ni kama kuruhusiwa kuokota korosho kwenye shamba la mtu, korosho unabeba nyumbani lakini mkorosho siyo wako na huwezi kuukata. Apple nao wanaandika hivyo hivyo kwenye leseni ya iPhone, programu imetolewa kwa leseni, haijauzwa. Kwahiyo kuiga, kuifungua uone ilivyotengenezwa, kuikodisha, hivyo vyote unakuwa umekatazwa na umekubali mwenyewe. Kwenye Samsung pia kuna mfumo unaitwa Knox, ukienda kwa fundi akairuti simu yako, yani akafungua mamlaka yote ya ndani yaliyofungwa na kampuni, Knox inaweka alama ambayo haifutiki tena hata ukirudisha programu ya kiwandani, na baadhi ya vitu kama ile folda ya siri vinakataa kufanya kazi moja kwa moja. Mafundi wetu ni hodari na ninawaheshimu sana, ila kabla hujamwachia simu aiflashi, yani aiwekee upya programu yake kuu, muulize anaweka programu kutoka wapi.

Lakini humo humo ndani ya simu kuna programu ambazo leseni yake ni ya ukarimu kabisa, na hili nalipenda watu walijue. Kiini cha Android kinaitwa Linux, alianza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991, na leseni yake ni GPL toleo la 2, ambayo inasema chukua, tumia, badilisha, gawa, ila ukiwagawia wengine na wewe wape msimbo wake, yani maandishi yanayoitengeneza programu, kwa masharti yale yale. Ndo maana kampuni za simu zinatakiwa kutoa msimbo wa kiini wanachotumia, na Samsung wana tovuti nzima ya kazi hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki ya Android msingi iko kwenye leseni ya Apache 2.0, hiyo ni nyepesi zaidi, unachukua, unabadilisha, na hulazimiki kutoa mabadiliko yako. Kwa sababu hiyo kila kampuni inaitengeneza Android kwa sura yake. Ukiingia taarifa za simu, kisha taarifa za kisheria, utakuta leseni za programu huria, hizi za ukarimu, zimepangwa humo, ndefu hazishi, majina ya watu na vikundi vilivyotoa kazi zao. Hakuna anayezisoma zote lakini ifungue siku moja uone ni wangapi.

Ila Play Store (duka la Google la kupakulia programu), Gmail, YouTube na ramani za Google hazimo kwenye huo ukarimu. Hizo Google wanaingia mkataba na kampuni moja moja. Huawei walipowekwa kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani Mei 2019, simu zao mpya zilizofuata zikatoka bila Play Store, ingawa Android ya msingi waliendelea kuweza kuitumia. Simu nzuri kabisa, kamera kali, lakini mama wa Tandahimba anataka aplikesheni ya benki yake na anaitafuta haioni. Hivyo ukinunua simu yoyote, na hasa hizi za majina mageni, fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia setingi halafu sehemu ya kuhusu, inatakiwa iandike kwamba kifaa kimeidhinishwa. Kama hakijaidhinishwa, rudisha mezani.

Na halali ya simu yenyewe pia kagua, piga *#06# uone namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu, ifanane na ya kwenye boksi, halafu itume kwa meseji kwenda 15090, TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanakujibu ni simu ya aina gani. Jina likija la simu nyingine, hiyo siyo. Wale wanaokumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima wanajua naongelea nini, watu huku waliamka simu haina mtandao.

Baada ya kusetia tulikaa tukaweka programu, na hapa ndo watu wengi wanaharibu simu nzuri. Mamdogo kaambiwa na shoga zake aweke GB WhatsApp, ile inayoona meseji zilizofutwa. Nikamkatalia. Ile siyo ya WhatsApp wenyewe, ni watu wameibadilisha kinyume cha masharti, haipatikani Play Store, na WhatsApp wanaweza kuifungia akaunti yako. Zaidi ya hapo hujui aliyeibadilisha kaongeza nini humo ndani na ndo unampa meseji zako zote, mpaka za vikoba. Kwa muvi na nyimbo nikamwekea VLC, haina tangazo hata moja, hulipii, na leseni yake ni huria, inafungua kila aina ya faili alilopewa na wajukuu. Kwa ramani nikaweka Organic Maps, nayo huria, unapakua ramani ya mkoa ukiwa na Wi-Fi halafu unaitumia bila bando, na njia za huku kuna vipande mtandao unapotea kabisa.

Aplikesheni za mikopo sikuweka hata moja, na hili nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wazima wanadhalilishwa. Zile kausha damu za kwenye simu zikianza tu zinaomba ruhusa ya kusoma majina yako yote, unakubali kwa sababu una shida, ukichelewa siku moja meseji za kukutangaza zinaenda kwa mkwe, kwa shekhe, kwa mwalimu wa mtoto. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 1, 2023, kuna Tume yake, mtu anaweza kupeleka malalamiko. Lakini kinga ya kwanza ni pale pale kwenye kile kidirisha cha kuomba ruhusa, programu ya tochi inayoomba majina yako ya simu inyime, kikokotoo kinachotaka kujua ulipo kinyime. Tangu Android 6 unaweza kukataa ruhusa moja moja na programu ikabaki.

Wengi wataniuliza kuhusu simu za mkopo, zile unatanguliza kidogo halafu unalipa kila siku. Zinasaidia watu, siwezi kuzisema vibaya zote. Ila elewa kwamba ndani yake kuna programu ya kufunga simu ambayo wewe huna mamlaka nayo, ukikosa kulipa inajifunga, na hata ukifuta kila kitu kwenye simu yenyewe inabaki. Soma mkataba wake bei ya jumla ni ngapi mpaka mwisho, na uulize kwa maandishi kwamba ukimaliza deni ile programu itaondolewa lini. Mkulima ambaye hela yake inakuja kwa msimu na siyo kila siku, malipo ya kila siku yatamtesa mwezi wa tatu na wa nne, bora asubiri minada.

Za mtumba nazo zipo, na ukipata iPhone au Samsung nzuri iliyotumika siyo dhambi, ila usitoe hela mpaka mwenyewe atoe akaunti yake ya iCloud au ya Google mbele yako, aifute, muiwashe upya pamoja mpaka ifike mwanzo bila kuomba paswedi ya mtu. Ikiomba, hiyo simu bado ina mwenyewe.

Kwahiyo A16 nampa nani? Mama, baba, mwalimu, mfanyabiashara mdogo wa sokoni, mtu anayetaka simu akae nayo miaka mingi na mambo yake ya pesa yawe salama. Chukua ya RAM GB 6 kama ipo, ile ya GB 4 itakuchosha mapema ukifungua vitu vingi. Kijana wa magemu mazito simshauri, kwa hela hiyo hiyo atapata yenye nguvu zaidi akikubali kukosa hizo apdeti. Na mwenye hela pungufu ya hiyo aangalie A06 au simu nyingine yoyote ambayo kampuni imeandika hadharani miaka ya apdeti, asidanganywe na stika. Ukilipa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na IMEI iandikwe kwenye kadi ya waranti kwa mkono wa muuzaji, akianza kuzungusha maneno vuka uende duka la pili, pale karibu na soko yamepangana.